Mikono ya Fundi wa Mtindi

Sijawahi kumwona mtu anayeogopa mfuniko wa sufuria kama yule mama. Kila alfajiri, kwenye jiko lake la nyuma pale Goba, alisimama mbele ya masufuria matano yaliyofunikwa na hakuyafunua. Alisoma Bismillahi mara tatu, akavuta pumzi, akaendelea kusimama. Mimi nilikuwa nyuma yake na ndoo za kupimia, miguu inaniuma, najisemea moyoni: funua basi, mama, humo kuna mtindi, hakuna nyoka. Sikujua kwamba itafika siku nitauogopa mfuniko kuliko yeye.

Mtaani tulimwita Fundi. Jina lake nalijua, lakini sitaliandika, kwa sababu sikumwomba ruhusa na nilishamkosea vya kutosha. Alikuwa mtu wa kusini, na watu wa kusini na ng'ombe wapi na wapi, kwa hiyo sisi tuliotoka kwa wafugaji tulimtania hadi tukachoka wenyewe. "Fundi, ng'ombe wa kwanza si ulimwona kwenye kitabu cha shule?" Naye alijibu bila kugeuka, "Kweli kabisa. Nyie mmezaliwa zizini, mbona mtindi wenu unanuka kwapa?" Tulicheka, halafu tukaenda kununua wa kwake.

Kazi yenyewe haikuwa na siri. Maziwa yanachemshwa jioni, yanapozwa mpaka yanakuwa vuguvugu la kuoga mtoto, unatia kimea, yaani ile mbegu ya mtindi iliyotoka kwenye mtindi wa jana, unafunika, unalala. Ndani ya maziwa bakteria wazuri wanafanya kazi yao usiku kucha, na asubuhi yameganda. Mtoto wa darasa la tano anaweza. Lakini mtindi wa Fundi ulikaa kwenye kijiko kama umekatwa kwa kisu, na kimea chake alikuwa nacho tangu enzi za kazi yake kwenye kiwanda cha maziwa ambacho hakupenda kukizungumzia. Mimi nilikuwa mwanamke niliyeachwa na mume, nina binti mmoja wa shule. Fundi akanipa kimea hicho kwenye chupa aliyoichemsha mwenyewe, akanifundisha, na asubuhi nikawa namsaidia kwake kabla ya kurudi kufunua masufuria yangu. Mtindi ndio ukawa mume wangu, na nathubutu kusema ulinitunza kuliko yule wa kwanza.

Basi nilimwuliza siku moja, tukiwa tunasugua masufuria, hasa anaogopa nini. Nilitegemea aseme uchawi. Goba yetu wakati ule ilikuwa imejaa maneno hayo, kila nyumba mpya ikijengwa kilimani ilikuwa na habari zake. Akasema anaogopa virusi.

"Virusi vya mafua?"

"Vya mafua vitanifanya nini? Virusi vya bakteria. Wale wanaotugandishia maziwa, nao wanaumwa."

Nilicheka sana. Nilimwambia, mama, mdudu naye apate mdudu wake? Hakucheka. Aliweka stilwaya chini, akajifuta mikono, na sauti yake ikashuka kama ya mtu anayetaja jina la marehemu.

"Kirusi hiki hakimgusi binadamu. Kunywa kikombe kizima, hata kichwa hakitakuuma. Lakini kikimpata bakteria, kinamganda ngozini, kinamtoboa, kinamwingizia maagizo yake. Basi yule bakteria anaacha kazi zake zote, anaanza kutengeneza virusi. Akijaa anapasuka. Vinatoka kundi zima, kila kimoja kinatafuta bakteria wake. Jioni umeweka kimea chako kizima, umefunika, umelala. Asubuhi unafunua, maziwa ni yale yale ya jana. Hakuna mtu humo ndani."

Maneno hayo ya mwisho yaliniingia baridi. Kuanzia hapo nilianza kusikiliza masufuria. Mambo haya leo nayaona ya kipumbavu, lakini kuna jioni nilitega sikio kwenye mfuniko wangu, nisikie kama kuna vita.

Vita vilikuwepo, kwa maelezo yake. Aliyapata kwenye semina ya watengeneza mtindi iliyofanyika Tegeta, ambako kijana mmoja mtaalamu alichora ubaoni mchana mzima. Wenzetu waliokwenda walirudi na habari za pilau. Fundi alirudi na kila kitu alichosema yule kijana, na mpaka leo mimi nakumbuka kwa maneno yake yeye, siyo ya kijana. Kwamba bakteria hakai tu kusubiri kufa. Wapo wanaobadili kitasa: pale kirusi kinapozoea kushika ngozini panageuka, kinafika kinakosa pa kushika. Wapo wenye mkasi ndani, maagizo ya mgeni yakiingia tu yanakatwa vipande vipande. Na wapo wanaofanya la ajabu zaidi, wakinusurika wanachukua kipande kidogo cha yule adui, wanakiweka ndani ya miili yao, wanawarithisha watoto na wajukuu. Kirusi kile kikirudi, mjukuu ambaye hajawahi kukiona anakitambua kwa kipande kile, anakikatakata.

"Na ikishindikana?" nilimwuliza. "Kitasa kimeshindwa, mkasi umeshindwa, kishaingia?"

"Wengine hapo hujiua. Anajizima mwenyewe mapema, kabla virusi havijakomaa tumboni, ili visitoke kwenda kwa jirani."

"Mungu wangu."

"Ndiyo hivyo. Na usifikiri virusi vimelala. Navyo vinabadilika. Leo umeponea, kesho kinakuja kingine na ngozi mpya." Akaokota stilwaya yake. "Ndiyo maana mie siwezi kufunua sufuria kama nyie, mnavyofunua kama mnachungulia wali."

Kwa hofu hiyo aliishi maisha ya taratibu ambazo zilituchosha. Alikuwa na kanga mbili za kazi, moja ya kuingilia kwenye kimea, nyingine ya kushikia yale maji yanayojitenga juu ya mtindi, maana alisema virusi hukaa humo kwa mamilioni. Maji hayo hakuwapa kuku. Aliyachemsha kwanza, kisha akateremka nayo mpaka shimo la mwisho wa kiwanja, chini kabisa, akapanda kilima akihema, akanawa mpaka viwiko, akabadili ndala. Mvua inyeshe, mgongo umuume, alibadili ndala. Nilimwambia, "Mama, utaanguka." Akasema heri nianguke mie.

Na chombo. Hapo ndipo aligombana na mtaa mzima. Fundi alikuwa mtu wa kutoa. Mama Sauda, jirani yetu wa upande wa pili, alipopata uchungu wakati barabara imekatika kwa mvua, Fundi ndiye aliyembeba kwa maneno matamu mpaka kwa nesi, tena kwa miguu. Kimea alimpa yeyote aliyeomba. Lakini alikupa kwenye chupa yake aliyoichemsha, na chupa ile ukimrudishia, haipokei. Sahani ukimpelekea, anachukua chakula anakihamisha palepale mlangoni, sahani yako unarudi nayo. Sasa sisi watu wa pwani na waliokuja pwani tunajua, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukinipa mchuzi kwenye bakuli, bakuli litarudi na ndizi mbili, hata embe moja, hata chumvi. Kumkatalia mtu chombo ni kumwambia ana uchafu, au ana ubaya. Wakasema anaogopa kulishwa vitu. Wengine wakasema yeye ndiye mlishaji. Mama Sauda, pamoja na kusaidiwa kote kule, alisema Fundi ana mkono wa birika, jambo ambalo halikuwa kweli hata kidogo, na mimi nilikuwepo na sikumtetea.

Nilikuwa namwonea aibu. Niseme ukweli. Nilikula mtindi wake, nikaishi kwa kimea chake, na nilimwonea aibu kwa majirani.

Basi Mama Sauda akaja kwangu mchana mmoja, uso umemshuka. Maziwa yake yamegoma kuganda siku tatu mfululizo.

"Nisaidie kimea, shoga. Kwa yule mwanamke wako siendi, ataninyoosha mlangoni kama polisi."

Nilimpa. Na kumpa si kosa, Fundi mwenyewe angempa. Ila nilimpa kwenye jagi langu la bati, lile nililopimia kila siku, kwa sababu nilitaka aone mimi si kama Fundi, mimi ni mtu wa watu. Kesho yake alasiri jagi likarudi. Halikurudi kitupu. Lilikuwa na mtindi mwembamba, umeganda nusu na nusu maji.

"Umenitokea kidogo," Mama Sauda alisema kwa furaha. "Nikaona nisikurudishie jagi hivihivi."

Nikaunywa nimesimama, nikamsifu. Nikasuuza jagi kwa maji ya bombani, nikaligeuza likauke. Jioni nilipimia kimea changu kwa jagi hilo. Kisha, kwa kuwa mgongo wa Fundi ulikuwa unamsumbua siku ile, nikalichukua nikaenda kumpimia na cha kwake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakanda kiuno. Hakuliangalia jagi. Aliniamini.

Asubuhi alisoma Bismillahi mara tatu kama kawaida, akafunua. Maziwa. Akafunua la pili, maziwa. Alipofika la tano mfuniko ulimponyoka ukazunguka sakafuni, na sisi wawili tukautazama mpaka ulipotulia. Sikuhitaji kwenda kwangu kuangalia, lakini nilikwenda, nikakimbia hasa, na nikakuta hivyohivyo. Nikaliona jagi juu ya meza. Virusi vya kwa Mama Sauda vilikuja humo. Nilielewa kila kitu palepale, kama mtu anayekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka na mtoto yuko ndani.

Niliporudi nilikuwa nimeazimia kusema. Namkuta amekaa chini, amenyoosha mikono mbele yake, anaigeuzageuza.

"Nimegusa nini?" alikuwa anajiuliza. "Ndala nilibadili. Au sikubadili? Mwanangu, uliniona nikibadili?"

Na kwa mara ya kwanza akanisimulia habari ya kiwanda. Kwamba siku moja, akiwa na haraka, alitoka kwenye chumba cha yale maji yanayojitenga akaingia chumba cha kimea na viatu vilevile vya mpira. Matangi yaligoma siku kadhaa. Maziwa ya watu yalimwagwa mtaroni, meupe, yakipita mbele ya wafanyakazi wote waliosimamishwa wamtazame. Alifukuzwa palepale, na kimea hiki alichonacho kilitoka kwenye chupa ya mtindi aliyokuwa ameiweka nyumbani kwa ajili ya kunywa.

"Mwenye kovu usidhani kapoa," alisema. "Nilijua itarudi. Sasa mikono imeshazeeka, imeanza kusahau ilichogusa."

Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini niliona binti yangu na sare yake ya shule, nikaona Fundi ananifungia jiko, nikaona mtaa mzima unajua kwamba mimi mjuaji ndiye niliyeua kimea. Nikamwambia, "Mama, ni bahati mbaya tu."

Wiki iliyofuata alichemsha kila kitu, hadi vitasa vya mlango alivifuta kwa maji ya moto. Lakini maziwa yaliyogoma hakuyamwaga yote. Alibakiza chupa moja, akaiweka mbali kabisa na jiko, chumbani kwake, na kila jioni akachukua kijiko kimoja cha humo akatia kwenye maziwa mapya yaliyochemshwa. Kwa akili yangu alikuwa anapalilia ugonjwa. Alinieleza kwa sauti iliyokauka kwamba katika kimea chochote hawafi wote. Wapo wachache walioponea, ama kitasa chao kilikuwa tofauti, au waliwahi kuhifadhi kile kipande. Hao ukiwalisha maziwa safi watazaana, na watoto wao kirusi hiki hakitawaweza. Siku ya kwanza, maziwa. Ya pili, maziwa. Nilikuwa siwezi kula. Siku ya saba nilimkuta ameinamisha chupa, na kilichokuwemo hakikumwagika.

"Hawa hapa," alisema. "Wachukue wewe."

"Tugawane, mama."

"Mie basi. Nitawaua tena."

Nilimbembeleza, ndiyo, nilimbembeleza kwa kila neno isipokuwa lile moja ambalo lingemzuia. Mwanawe wa kiume alikuja na gari la mizigo akamchukua kwenda kuishi naye Chanika. Mtaani wakasema Fundi kazeeka, na Mama Sauda akaongeza kwamba ndio malipo ya dharau. Mimi mtindi wangu ulikaa kwenye kijiko kama umekatwa kwa kisu. Nilianza kupeleka mpaka Tegeta. Binti yangu alimaliza shule. Kila alfajiri nilisimama mbele ya mfuniko na kile kilichonitisha hakikuwa maziwa kugoma. Nilitishwa na kuona yameganda vizuri, kwa maana hao waliokuwemo humo walikuwa watoto wa ile chupa.

Miaka minne nilipiga simu kwenye sikukuu tu. Shikamoo, marahaba, mgongo vipi, Mungu mkubwa. Mwisho mke wa mwanawe alinipigia mwenyewe, akaniuliza kama kule Goba mama aliwahi kuugua ugonjwa wa akili, kwa sababu hapiki, hamgusi mtu, na ananawa mpaka ngozi inamtoka. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini mimi nilikuwa nimezaa na kustawi kwa kuficha, na aliyelipa alikuwa mwingine.

Nikaenda Chanika. Nyumba iko katikati ya mihogo, nusu imepigwa plasta na nusu tofali tupu. Mkwe alinipokea akiwa na mtoto mgongoni, akanionyesha nyuma ya nyumba kwa kidevu. "Yuko bombani. Ndiko anakoshinda. Huyu mjukuu wake hajawahi kumshika hata mara moja, dada. Anasema mikono yake ina makosa. Tumechoka kumwelewesha."

Nilimkumbuka Fundi yuleyule akisema kirusi hiki hakimgusi binadamu, kunywa kikombe kizima.

Alikuwa amekonda. Viganja vyake vilikuwa vyeupe na vimepasuka kama vya mtu wa kazi ya chokaa, na alivificha ndani ya kanga nilipomwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wale wetu wanagandisha bado?"

"Wanagandisha, mama."

"Alhamdulillahi."

Tukakaa kwenye mkeka. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, tangu Goba, magari matatu, na yote yalikimbia. Nikasema tu, "Mama, haikuwa mikono yako. Lilikuwa jagi langu." Kisha nikamwambia yote, Mama Sauda, ule mtindi mwembamba, mimi kuunywa, kigoda, kiuno chake, jagi. Nilikuwa naongea bila kumtazama.

Kuku walipita.

"Ulilisuuza kwa maji gani?"

"Ya baridi."

"Ya baridi," alirudia. "Na ulijua lini?"

"Asubuhi ileile."

Nilisubiri anitukane. Nilisubiri anipige, na wallahi ningeshukuru. Alitoa mikono kwenye kanga, akaiweka mapajani, akaitazama upande mmoja na upande wa pili, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kikiwa kimechakaa. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini uso wake haukukunjamana. Kisha akamwita mkwe wake, kwa sauti ile ya zamani ya kuamrisha jikoni.

"Hebu nipe huyo mtoto."

Mkwe alibaki amesimama, hajui kama amesikia vizuri. Ikabidi Fundi amwite tena. Mkwe akafungua mbeleko taratibu, akampa. Mtoto alimshangaa, akakunja mdomo, akaanza kulia, na Fundi akamkumbatia kwa ile mikono iliyopasuka, akamnusa kichwani, hakumwachia.

"Ana miezi saba," alisema, na hakuwa ananitazama mimi. "Miezi saba, mwanangu, nimekaa hapa namwangalia tu."